Pakiti ya GMO, isiyo na GMO, ya kilimohai au gorogoro ya sokoni: ipi inajibu hofu yako?

Mtu anayeingia dukani Nairobi akisema "sitaki GMO", yaani chakula kilichotokana na kiumbe kilichobadilishwa jeni maabara, huwa na mojawapo ya hofu nne. Yuko anayehofia mwili wake. Yuko anayehofia dawa zinazonyunyizwa shambani. Yuko asiyetaka mbegu ziwe mikononi mwa kampuni chache. Na yuko ambaye hana ugomvi na chakula chenyewe, anataka tu aambiwe kilichomo kwenye kitu anacholipia. Lebo inayomfaa wa kwanza haimfai wa pili, na watu wengi huongeza pesa kwa lebo isiyogusa kabisa kinachowasumbua.

Hapa tunaweka bega kwa bega njia nne za kununua: pakiti iliyotangaza GMO, pakiti iliyoandikwa kuwa haina GMO, bidhaa ya kilimohai, na nafaka ya kupima kwa gorogoro, lile kopo la sokoni, ambayo unaipeleka mwenyewe kwenye kinu cha posho. Ila kwanza tupunguze orodha, maana vingi vinavyoitwa GMO mtaani si GMO.

Toa kwanza visivyohusika

Kuku wa broiler ndiye anayesingiziwa kuliko wote. Anafika sokoni kwa wiki 5 hadi 6 kwa sababu wazazi wake wamechaguliwa vizazi kwa vizazi kwa kukua haraka, na kwa sababu analishwa protini nyingi. Jeni zake hazikuguswa maabara. Cha GMO kinachoweza kumfikia ni soya au mahindi yaliyo kwenye chakula chake, na hilo haliandikwi kwenye nyama: hata Umoja wa Ulaya, wenye masharti makali, haudai lebo kwa nyama, maziwa au mayai ya mnyama aliyelishwa GMO. Anayemkimbia broiler na kumnunua kienyeji aliyefugwa kwa chakula cha dukani amebadilisha ladha na bei tu.

Nyanya ngumu zinazokaa wiki mbili bila kuoza ni mbegu chotara, yaani mimea miwili iliyozalishwa pamoja kwa chavua. Mahindi ya H614 na Duma 43 ni hivyo hivyo. Tikiti maji lisilo na mbegu linatokana na mmea wenye seti tatu za kromosomu, ndiyo maana haliwezi kuzaa. Migomba ya tishu, ile inayouzwa ikiwa miche midogo kutoka maabara, ni nakala za mgomba ule ule wa kawaida: maabara ilitumika kuikuza na kuiondolea magonjwa, haikubadilisha jeni.

Kuna pia hadithi ya kibandiko cha tufaha, kwamba namba inayoanza na 8 ni GMO. Utaratibu huo uliwekwa kwenye karatasi lakini haukutumika madukani, na mwaka 2015 waliosimamia namba hizo wakaiachia 8 kwa matumizi mengine. Namba za kawaida zenye tarakimu nne, kama 4011 ya ndizi au 4017 ya tufaha la kijani, zinamsaidia mtu wa kaunta kupiga bei. Ni 9 mbele ya namba hizo pekee yenye maana kwako: zao la kilimohai.

Kinachobaki ni kifupi. Duniani GMO ni hasa soya, mahindi, pamba na rapa (mmea wa mbegu za mafuta, kanola), na kwa kiasi kidogo papai la Hawaii, biringanya za Bangladesh, kunde za Nigeria, na viazi na tufaha chache za Marekani. Kwenye kikapu cha Nairobi, basi, angalia unga wa mahindi na konflekisi zilizotoka nje, nyama ya soya, mafuta ya soya, ya mahindi au ya rapa, wanga wa mahindi, na lesithini ya soya iliyomo kwenye chokoleti na biskuti. Mafuta mengi ya kupikia nchini ni ya mawese, na mawese ya GMO hayalimwi kibiashara. Alizeti vivyo hivyo. Sukuma wiki, maharagwe, ndengu, wimbi, mtama na pishori, usipoteze muda navyo.

Kenya yenyewe zao la GMO ambalo wakulima wamelilima kibiashara ni pamba, iliyoidhinishwa Desemba 2019 na kupandwa 2020. Wengi wanaifikiria kuwa nguo, wakisahau kwamba mbegu yake hukamuliwa mafuta na mashudu yakaliwa na ng'ombe. Muhogo unaostahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia ulipata kibali cha kutolewa kwenye mazingira Juni 2021, lakini kibali hicho ni cha kuingia kwenye majaribio ya aina za mbegu, si cha kufika soko la Marikiti.

Njia nne bega kwa bega

| | Iliyotangaza GMO | Isiyo na GMO | Kilimohai | Gorogoro na kinu |
|---|---|---|---|---|
| Inakuambia | Kuna kiambato cha GMO kupita kiwango cha nchi | Kiambato hakitokani na GMO, au kiko chini ya kiwango | Shamba halikutumia GMO, mbolea ya viwandani wala dawa za kemikali | Hakuna maandishi. Unamtegemea muuzaji |
| Anayesimama nyuma yake | Sheria | Mkaguzi wa nje, au kiwanda chenyewe | Mkaguzi, au kikundi cha wakulima kinachokaguana | Hakuna |
| Isichosema | Kama chakula ni hatari | Kama kilinyunyiziwa dawa | Kama kina sumukuvu (sumu ya ukungu, kama aflatoksini) | Lolote |
| Kinapoharibika | Pakiti ikinyamaza ilhali ilipaswa kusema | Maneno matupu bila alama ya mkaguzi | Cheti kimekwisha au ni cha zao jingine | Unyevu, aflatoksini, unga usioongezwa virutubisho |

Pakiti iliyotangaza, na pakiti iliyonyamaza

Kenya ina Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya mwaka 2009, inayosimamiwa na NBA (Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama wa Kibayolojia), na kanuni za lebo zilitoka 2012. Kiwango ni asilimia 1: kiambato kikipita hapo kwa GMO, pakiti iseme. Novemba mwaka huo huo Baraza la Mawaziri likapiga marufuku uagizaji wa vyakula hivi, marufuku iliyokaa karibu miaka kumi hadi Oktoba 3, 2022. Kesi zikafuata. Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uagizaji na upanzi wakati rufaa ikisubiri. Kwa hiyo kanuni za lebo zimeishi muda mrefu kuliko bidhaa za kuzibandika, na mnunuzi wa hapa hajazoea kuona tangazo hilo. Akiliona mara ya kwanza anadhani ni onyo kama lile la sigara. Si onyo. Ni sawa na kuandika kwamba maziwa ni ya unga.

Kinachochanganya ni kwamba rafu ya Nairobi ina bidhaa za nchi nyingi, na kila nchi ina kiwango chake. Chukua pakiti ya unga ya kilo 2. Kwa Umoja wa Ulaya, asilimia 0.9 ni gramu 18. Kwa Kenya, asilimia 1 ni gramu 20. Kwa Afrika Kusini, asilimia 5 ni gramu 100. Punje moja ya mahindi ikiwa na uzito wa takriban gramu 0.35, pakiti inayolingana na punje 5,700 inaweza kubeba punje 57 za GMO chini ya sheria yetu bila neno, na punje 285 chini ya ya Afrika Kusini. Tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa Afrika Kusini ndiyo nchi ya Afrika inayolima mahindi mengi zaidi ya GMO, meupe ya kula watu yakiwemo.

Marekani nayo ilianza kulazimisha tangazo Januari 1, 2022, lakini haikutumia neno GMO. Pakiti ya kutoka huko itasema "bioengineered", mara nyingi ndani ya duara la kijani lenye jua na mmea. Asiyelijua neno hilo anapita tu. Kiwango chao ni asilimia 5 kwa kiambato, na ni kwa mchanganyiko wa bahati mbaya pekee.

Sasa mafuta. Hapa ndipo nchi zinapotofautiana kwa msingi. Soya ikikamuliwa na mafuta yakasafishwa, DNA na protini huondoka kiasi kwamba kipimo hakizioni. Ulaya inauliza: mmea uliotoka ulikuwa GMO? Kama ndiyo, andika, hata kama chupani hakuna kitu cha kupima. Marekani inauliza: jeni iliyobadilishwa bado inaonekana ndani? Kama haionekani, si lazima uandike. Chupa mbili za mafuta ya soya kutoka shamba lile lile zinaweza kuwa moja ina tangazo na nyingine kimya, na zote mbili zimetii sheria. Anayehofia mwili wake atulie kwa zote mbili, maana alichokuwa akikiogopa hakimo. Anayepinga mbegu zenyewe afuate mtindo wa Ulaya, au anunue alizeti.

Kimya cha pakiti, basi, kinaweza kuwa na maana tatu: hakuna GMO, ipo chini ya kiwango, au kiwanda kimekosea. Kwa kuiangalia tu huwezi kujua ni ipi.

Pakiti isiyo na GMO

Ziko aina mbili zinazofanana kwa mbali. Ya kwanza ina alama ya mkaguzi wa nje. Inayoonekana zaidi ni kipepeo wa Non-GMO Project wa Marekani, ambaye kwa viambato vya chakula cha watu hutumia asilimia 0.9 na hudai mahindi na soya vipimwe. Ya pili ni maneno "Non-GMO" yaliyochapwa na kiwanda chenyewe, mara nyingi kwa rangi ya kijani na jani dogo. Tafuta jina la aliyethibitisha. Lisipokuwepo, umesoma tangazo la biashara.

Kisha jiulize kama bidhaa hiyo ingeweza kuwa GMO tangu mwanzo. Chumvi haina jeni. Maji hayana. Unga wa wimbi "usio na GMO" ni kweli tupu, kama kuuza samaki asiye na manyoya. Lebo hii ina thamani kwa vitu vya soya, mahindi na rapa vilivyotoka nje; kwingine unalipia wino.

Na kitu kimoja ambacho wengi hawakitarajii: haisemi lolote kuhusu dawa. Glaifoseti ndiyo dawa ya magugu inayohusishwa na soya ya GMO, kwa kuwa soya hiyo ilitengenezwa istahimili kunyunyiziwa. Lakini wakulima wa ngano isiyo ya GMO katika baadhi ya nchi baridi huinyunyiza karibu na mavuno ili ikauke sawasawa, na hapa Kenya inatumika kuua magugu kabla ya kupanda. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Wakaguzi wa chakula wa Ulaya hawakukubaliana na hukumu hiyo. Vyovyote uamuavyo, lebo ya kutokuwa na GMO haikukingi.

Kilimohai

Hii ndiyo inayojibu hofu mbili kwa pamoja. Kiwango cha Afrika Mashariki cha kilimohai, EAS 456 cha mwaka 2007, kinakataza GMO na kinakataza dawa na mbolea za viwandani. Alama yake ni Kilimohai, na inatumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Uthibitisho unakuja kwa njia mbili: kampuni ya ukaguzi inayotembelea shamba, au kikundi cha wakulima wanaokaguana kwa utaratibu ulioandikwa. Ya pili ni nafuu na ndiyo ya wakulima wadogo wengi. Usiidharau, jirani anajua vizuri ni usiku gani pampu ya dawa ilibebwa.

Inapoharibika ni kwenye karatasi. Kibao kilichoandikwa "organic" kwa chaki si cheti. Omba kuona cheti na usome vitu vitatu: jina la mkulima au kikundi, orodha ya mazao, na tarehe ya mwisho. Cheti cha sukuma na spinachi hakifuniki mahindi yaliyo pembeni kwenye meza ile ile. Kumbuka pia kwamba kilimohai ni ahadi ya namna ya kulima. Hakuna anayepima kila kifurushi, na chavua ya mahindi hupeperuka na upepo.

Gorogoro na kinu cha posho

Kwa anayekimbia GMO pekee, mahindi ya masoko ya Nairobi kama Nyamakima au Gikomba ni chaguo salama kuliko linavyoonekana, na sababu yake haitoki kwenye lebo. Mahindi mengi ya hapo yanatoka Bonde la Ufa, Uganda na Tanzania, na si sisi wala wao tunaolima mahindi ya GMO kibiashara.

Lakini hapa ndipo unapokutana na kitu kilichoua watu Kenya kwa hesabu inayojulikana. Mwaka 2004 mashariki mwa nchi watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa aflatoksini kutoka kwa mahindi ya nyumbani, yasiyo na GMO hata chembe. Kiwango cha Kenya ni sehemu 10 kwa bilioni kwa jumla, na 5 kwa aina ya B1. Kuchemsha hakuiondoi, ugali ukiiva, sumu imebaki.

Ukinunua kwa gorogoro, fanya hivi. Tia chumvi kavu na punje kavu kiasi kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tikisa dakika chache, uache zitulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita takriban asilimia 15. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa asilimia 13.5 au chini. Chambua punje zilizooza, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zilizotobolewa na wadudu, maana ukungu huingilia hapo. Kisha koboa kabla ya kusaga: sehemu kubwa ya sumu iko kwenye ganda na kiini. Hasara yake ni kwamba unatupa pia virutubisho, na unga wa kinu cha posho hauongezwi vitamini na madini kama sheria inavyotaka kwa unga wa pakiti. Mwenye watoto wadogo alifikirie hilo kabla ya kuhama pakiti moja kwa moja.

Jambo la kando, ila si dogo: mahindi ya Bt, GMO iliyotiwa jeni ya kuua viwavi, huwa na fumonisini, sumu nyingine ya ukungu, kidogo kuliko ya kawaida, kwa sababu viwavi vikishindwa kutoboa gunzi, ukungu hukosa mlango. Haimaanishi ununue GMO. Inamaanisha kwamba hesabu ya afya haiendi upande mmoja.

Tena zile hofu

Anayehofia mwili wake mara nyingi anakumbuka picha za panya wenye uvimbe. Ni utafiti wa Gilles-Éric Séralini wa Ufaransa, uliotoka Septemba 2012 na kuchangia marufuku yetu. Jarida lililouchapisha liliuondoa Novemba 2013 kwa sababu panya walikuwa wachache mno na wa aina inayopata uvimbe kwa urahisi, kisha jarida jingine likauchapisha tena 2014. Akademia za sayansi za Marekani zilipitia ushahidi wote na 2016 zikasema hazikupata dalili kwamba vyakula vya GMO vilivyo sokoni ni hatari kwa afya kuliko vingine. Mzio ndio ulio na historia ya kweli: soya iliyotiwa jeni ya kokwa za Brazili iligunduliwa kuwa inaamsha mzio, na matokeo yakachapishwa 1996 bila soya hiyo kufika sokoni; nayo mahindi ya StarLink, yaliyoruhusiwa kwa mifugo tu, yalikutwa kwenye vyakula vya watu Marekani mwaka 2000 na bidhaa zikarudishwa. Mwenye mzio asome orodha ya viambato, soya na karanga, kwa sababu soya ya kawaida itamdhuru vile vile. Kwa afya, pesa ya ziada ielekee kwenye mahindi makavu kabla ya kuelekea kwa kipepeo.

Anayehofia dawa: kilimohai, hakuna njia ya mkato.

Anayehofia umiliki wa mbegu ajue kwamba hata mkulima wa chotara hurudi dukani kila msimu, kwa kuwa mbegu ya chotara ikirudiwa mavuno hushuka. Kununua pakiti isiyo na GMO hakubadilishi hilo. Kununua mtama, wimbi na maharagwe ya mbegu za wakulima kunabadilisha.

Anayetaka tu kujua yuko upande wa Katiba: Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya taarifa anazohitaji ili anufaike na bidhaa. Yeye ndiye lebo ya lazima inamfaa.

Ukitaka kupima badala ya kusoma

Mwenye shule, hoteli au duka la nafaka anayenunua magunia anaweza kupima. Kijiti cha protini huhitaji punje zilizosagwa na maji, na hujibu kwa dakika chache, lakini hukamata ile protini ambayo kilitengenezewa tu. Cha Cry1Ab, protini ya mahindi ya Bt, hakioni soya inayostahimili glaifoseti. Kipimo cha DNA cha maabara hutafuta vipande vinavyotumika kwenye GMO nyingi, 35S na NOS, kisha ndipo kiasi kinahesabiwa. Mafuta yaliyosafishwa usiyapeleke, utalipia jibu tupu.

Wengi hukosea kwenye sampuli, si kwenye kifaa. Gunia likiwa na asilimia 1 ya GMO na ukachukua punje 60, kuna zaidi ya nafasi moja kati ya mbili kwamba hukuchukua hata moja, na kipimo kitasema safi. Ukichukua punje 300, nafasi ya kukosa inashuka hadi karibu asilimia 5. Na zisitoke mdomoni mwa gunia pekee: tumia bomba la kuchomea, chota juu, katikati na chini, kutoka magunia kadhaa, uchanganye kwenye beseni kavu kabla ya kuhesabu. Muuzaji anayekataa gunia lichomwe zaidi ya mara moja, mwache na gunia lake.